Zamu ya Kinyozi

Amri ya kufunga vibanda vya vinyozi kwa sababu ya ugonjwa mpya ilisomwa redioni asubuhi, na kufikia adhuhuri kinyozi alikuwa amekaa sebuleni kwake kama mgeni asiyejua aage saa ngapi. Hakuwa amezoea kuiona sebule ile mchana. Aliuliza zulia jipya limenunuliwa lini. Mkewe akamjibu kwamba zulia hilo lina miaka mitatu, na kwamba aliyelibeba begani kutoka sokoni ni yeye mwenyewe.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi tu, na kazi ya unyozi ina kasoro moja: siku wanayokwenda watu kusali ndiyo siku wanayotaka kunyolewa kwanza. Basi kwa miaka mingi aliwapendezesha waumini wa mtaa mzima, akawapeleka kwa Mungu wakinukia poda, kisha akabaki anafagia nywele zao. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na neno lake juu ya hilo. Alisema mwanawe ana wateja wengi na anawahudumia wote, ila Mungu bado yuko kwenye benchi anasubiri zamu.

Nyumbani walikuwa watu wanne. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, na shule nazo zilikuwa zimefungwa. Binti yao, mwanafunzi wa darasa la tano, mtaa mzima ulimwita Spika, kwa sababu jambo likishaingia sikioni mwake lilikuwa limeshatangazwa. Na wa nne ndiye huyo mama yake kinyozi, ambaye wote walimwita Bibi, hata majirani waliomzidi umri. Bibi alikuwa amefanya kazi ujana wake wote katika kiwanda cha pamba, akalivuta vumbi lake mpaka likafanya makao kifuani. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alisimama kwanza, akajifanya anatazama maua. Hapakuwa na maua.

Redio ilisema ugonjwa huu hauwaachi wazee, hasa wenye vifua vibovu. Kila iliposema hivyo, mtu mmoja aliinuka kupunguza sauti, na Bibi akamwambia aiache, kwani yeye si kiziwi. Lakini walimwona anavyoikaza kanga yake mabegani. Nyumba nzima iliogopa, na kila mmoja alijitahidi kuificha hofu yake kwa wenzake. Bibi alipokohoa kwa kupaliwa na chai tu, vijiko vilisimama hewani.

* * *

Nyumba za ibada nazo zilipofungwa, mkewe kinyozi alipanga viti vinne sebuleni kwa duara akasema kwamba kuanzia siku hiyo wangeomba pamoja kila jioni, wameshikana mikono, na kila siku mmoja angeshika zamu ya kuongoza. Kinyozi alisema yeye angeitikia tu. Mkewe akasema nyumba hii haina waitikiaji wa kudumu.

Siku ya zamu yake kinyozi alijikohoza, akafumba macho, akayafumbua, akayafumba tena.

"Mungu, habari za jioni," alisema.

Spika alicheka mpaka akauachia mkono wa mama yake. Kinyozi aliona aibu ya kweli, aibu ya mtu mzima anayesahihishwa na mtoto, na alikuwa tayari kuinuka. Bibi ndiye aliyemshika.

"Mwacheni," alisema. "Ndiyo kwanza wanafahamiana."

Akaendelea. Alimweleza Mungu kuwa kibanda kimefungwa, kuwa hali ni ngumu, kuwa mama anaendelea vizuri. Alizungumza kama anavyozungumza na mteja aliye kitini, bila kujua amalizie wapi, mpaka mkewe akamkata kwa Amina. Lakini usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote tangu amri itangazwe, na zamu yake ilipokaribia tena alijikuta mchana anafikiria atakachosema. Hakumwambia mtu. Ingekuwa aibu mpya.

Huko nje mambo yaliharibika. Gari lenye vipaza sauti lilipita likiwaambia watu wakae ndani. Fundi wa viatu wa nyumba ya pili alichukuliwa akiwa anatembea mwenyewe, na familia yake haikumwona tena. Walipigiwa simu kuambiwa ameshazikwa na mahali alipozikwa. Mkewe fundi alilia ndani peke yake, milango imefungwa, na majirani wakasimama madirishani bila kwenda. Kutokwenda kwenye msiba wa jirani ni jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kulifanya. Kila mmoja alijua siku yake ikifika naye hataendewa.

* * *

Sukari ilikwisha, mafuta yakafuata. Mkewe kinyozi alianza kupika mara moja kwa siku na kujisemesha kwamba watu wakikaa bila kufanya kazi hawasikii njaa. Hapo ndipo simu ya Mzee Nadhifu ilipoingia.

Mzee Nadhifu alikuwa karani mstaafu, mtu aliyeishi peke yake mtaa wa nyuma na kupiga pasi mpaka soksi. Kwa kawaida alinyolewa ndevu kila baada ya siku mbili. Alisema kwenye simu kwamba amekuwa kama mwizi wa kuku, hawezi kujitazama kwenye kioo, na kwamba kinyozi akija kimyakimya atamlipa malipo ya wiki nzima. Kinyozi aliuliza afya. Mzee akasema yuko salama, ni uchovu tu wa kukaa ndani.

Kinyozi aliwaambia wa nyumbani kuwa anakwenda kutazama kufuli la kibanda. Aliweka mashine, wembe na shuka ndani ya mfuko wa sokoni, akavaa barakoa aliyoshonewa na mkewe, akapita uchochoroni.

Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa kitini akiegemea upande mmoja. Shingo yake ilikuwa ya moto. Kinyozi aliigusa, akajua, na akajiambia kuwa ni joto la chumba. Alifanya kila kitu kwa uangalifu. Alinawa, alifuta wembe kwa spiriti, alisimama nyuma ya mteja badala ya mbele. Lakini kinyozi yule alifundishwa kazi na mzee wa zamani aliyeamini kuwa brashi ni ya kuonyesha wateja tu, pumzi ndiyo inayomaliza kazi. Kila kichwa alichowahi kunyoa alikimalizia kwa kupuliza: sikio la kulia, sikio la kushoto, kisogo. Mkono uliishusha barakoa wenyewe. Akainama usoni pa mzee, akavuta pumzi, akapuliza, akavuta tena. Mzee alikohoa, akaomba radhi, akasema ni poda tu.

Kurudi nyumbani akapitia dukani. Alisema fedha amezikuta kwenye mfuko wa koti lake la kazi, alizisahau tangu mwaka jana. Bibi alimtazama anavyopanga sukari na mafuta mezani, kisha akautazama mfuko wenye vifaa vya kazi, akasema kwa kuwa leo mwanangu umeishika mashine, hebu nipunguze na mimi, nimefuga msitu. Alikuwa na desturi ya kukata nywele zake ziwe fupi kabisa, na kichwa chake hakikuguswa na mtu mwingine. Kinyozi aliichovya mashine kwenye spiriti na kuisugua mpaka ikang'aa. Akamnyoa mama yake uani, taratibu. Alipomaliza akampuliza shingo.

Jioni ile zamu ilikuwa ya Bibi. Alimshukuru Mungu anayejua mpaka mifuko ya makoti. Kinyozi aliitikia Amina kabla ya wote.

* * *

Siku ya tatu Spika alikuja mbio kutoka dirisha la nyuma. Mzee Nadhifu amechukuliwa, alitangaza, na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki mpaka miguuni. Hakuweza kutembea. Walimbeba kwenye machela, amefungwa kitu mdomoni, na nyumba yake imezungushiwa utepe.

"Maskini," alisema mkewe kinyozi. "Na alivyo peke yake."

Kinyozi alikuwa amesimama karibu na meza. Akakaa. Hakuifikiria mashine, kwa kuwa mashine aliisafisha. Alifikiria mdomo wake. Aliyakumbuka yale mapulizo, moja baada ya moja, na la mwisho lilikuwa kwenye shingo ya mama yake, na nywele zake nyeupe zikaruka.

Alipaswa kusema saa ileile. Tusimtetee. Lakini alipofungua mdomo aliona gari jeupe limesimama mlangoni kwake, mtaa mzima uko madirishani, na Bibi anateremshwa zile ngazi tatu bila kupewa nafasi ya kutazama maua yasiyokuwepo. Ilisemekana wagonjwa walilazwa kwenye ukumbi mkubwa, vitanda vimepangwa, hakuna ndugu anayeruhusiwa. Mama yake angefia katikati ya wageni akimwulizia mwanawe. Aliogopa pia jicho la mkewe. Akajiambia atangoja kidogo aone. Labda mzee alikuwa na homa nyingine. Labda barakoa ilisaidia kidogo.

Kuanzia hapo alianza kukwepa sala. Mara ana grisi mikononi, mara kichwa kinamgonga, mara amelala kabla ya magharibi. Akila alibeba sahani akaenda kukaa mlangoni. Mkewe alimwangalia siku ya kwanza na ya pili, kisha akamkabili jikoni akamwuliza kama Mungu amemchosha mapema hivi. Kinyozi aliichukua sahani yake akageukia mlango. Mkewe akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa ameanza kufurahi, kwamba katika balaa lote hili alikuwa amepata kitu kimoja, mume anayekaa naye na kuomba naye, na kama hicho nacho kimekwisha basi amwambie tu ajue. Maneno hayo yalimchoma kinyozi kuliko matusi.

Bibi yeye hakuuliza. Alidhani mwanawe anateleza, na dawa ya anayeteleza ni kushikwa. Jioni ambazo kinyozi alikosa kisingizio, akisogeza kiti chake nyuma, Bibi akakiburuta cha kwake kumfuata. Akamkamata mkono kwa nguvu na kuuweka juu ya paja lake mpaka sala iishe. Kinyozi aliuona mkono ule mwembamba umeuzingira wa kwake, akatamani kuukata wa kwake autupe. Lakini aliuacha hapo.

* * *

Aliyajua ya hakika kwa chupa ya spiriti. Asubuhi moja alikuwa anasafisha vifaa vyake stoo, apate cha kushughulika nacho, akafungua chupa na asisikie kitu. Aliisogeza puani. Akamimina kiganjani akavuta kwa nguvu mpaka macho yakatoa machozi. Harufu aliyoishi nayo tangu ujana ilikuwa haipo. Alikaa chini sakafuni kati ya ndoo na gunia la mkaa.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yake. Viti vilikuwa tayari, na Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono. Kinyozi hakuketi. Alisimama nje ya mlango wa sebule, barakoa imemfika machoni, akasema yeye ataombea hapo hapo.

"Mungu," alianza, "safari hii sina salamu. Mimi sikwenda kutazama kufuli. Nilikwenda kumnyoa Mzee Nadhifu, naye alikuwa anaumwa, nilimgusa nikajua. Nilimpuliza uso mzima nikavuta pumzi yake. Fedha za sukari ni zake. Nikarudi nikamnyoa mama, nikampuliza na yeye. Tangu alipochukuliwa ninajua, nikanyamaza. Leo pua yangu imekufa. Ninayo. Nimewaletea. Sijui kama hii ni sala. Kama umechukizwa nami, nichukue mimi. Mama yangu muache."

Hakuna aliyefumbua macho kwa muda. Spika hakutangaza chochote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mkewe aliinuka, akasimama nyuma ya kiti akikishika kwa mikono miwili.

"Siku zote hizo," alisema. "Umekaa unatutazama, mama anakushika mkono, unanyamaza. Nilidhani umemkimbia Mungu. Kumbe ulikuwa unatukimbia sisi."

"Niliogopa," alisema kinyozi.

"Sisi je?"

Bibi alikuwa bado amekaa, mkono wake umenyooshwa kwenye kiti kitupu. Aliurudisha mapajani.

"Amina," alisema Bibi, kwa sauti ile ile aliyoitikia sala za wengine wote. Kisha akaomba asaidiwe kwenda kulala, mkwewe alipomkaribia akamkataza asimguse, akainuka mwenyewe kwa kushika ukuta.

* * *

Kinyozi alihamia stoo. Alipiga simu ya bure ya wagonjwa, akampata muuguzi wa kike mwenye sauti ya mtu asiyelala. Alimweleza yote kuanzia mwanzo, hasa lile pulizo la uani, maana ndilo lililokuwa likimla. Muuguzi alimwuliza amemnyoa mama siku gani na mzee siku gani. Kisha akamwambia kwamba siku ile asingeweza kumwambukiza mtu, ugonjwa ulikuwa haujashika mwilini mwake. Hatari ilikuwa siku za baadaye. Akamwuliza kama siku hizo alikaa mbali na mama.

Kinyozi alikaa na simu sikioni mpaka muuguzi akauliza kama bado yuko. Kumbe kama amemwambukiza mama, si kwa kupuliza, bali kwa kunyamaza, kwa mkono ule alioukalisha pajani kwa Bibi jioni zile akidhani uovu umeshatendeka na hauwezi kuongezeka.

Homa ya Bibi ilianza siku mbili baadaye. Walipopiga simu tena waliambiwa kwamba ukumbi umejaa na gari halitakuja. Mgonjwa atunzwe nyumbani, na amtunze mtu mmoja tu, ambaye tayari ameugua. Mkewe alisikiliza, akashusha simu, akamtazama mumewe kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi kidogo.

"Toka humo," alisema. "Nenda kwa mama yako."

Hivyo ndivyo kinyozi alivyoingia chumbani kwa Bibi. Homa yake mwenyewe haikumshika sana. Mwili ulimuuma kama mtu aliyebeba mizigo, ikaishia hapo. Lakini Bibi alizama. Alimlaza kifudifudi kama muuguzi alivyoelekeza, akamgeuza, akamkanda kwa kitambaa, akamnywesha uji kijiko kimoja kimoja. Alimwosha. Mwanamume ambaye hakuwahi kujua zulia la sebuleni limenunuliwa lini sasa alijua kila mfupa wa mgongo wa mama yake. Mkewe aliacha chakula na maji mlangoni, akagonga, akarudi nyuma. Kwanza aligonga tu. Baada ya siku chache akaanza kuuliza, "Na wewe umekula?"

Usikivu wa nyumba nzima ulikuwa kwenye kifua cha Bibi. Kilipiga mluzi. Spika aliacha kuimba, aliacha hata kuburuta kandambili, ili asikie.

Jioni viti viliwekwa kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba, viwili tu, na sala ikasaliwa kupitia mlangoni. Siku ya kwanza kinyozi alimwinamia mama yake akamwambia zamu ni yake, na kama amechoka atikise tu midomo. Bibi alitikisa kichwa.

"Ninaogopa," alisema. Alivuta hewa kati ya neno na neno. "Nimewafundisha wote kuomba. Sasa nikitaka kuomba, ninaogopa tu. Usimwambie mkwe wangu."

"Ataelewa, mama."

"Usimwambie. Shika zamu yangu."

Kuanzia hapo zamu zote zilikuwa zake. Kinyozi aliomba asubuhi na jioni, kwa maneno ya kibandani, maana mengine hakuwa nayo. Alimsimulia Mungu jinsi mama alivyolala, alichokula, rangi ya kucha zake. Aliomba kwa hofu, si kwa utulivu. Mara nyingine alimlaumu Mungu waziwazi. Lakini hakuwahi tena kutafuta amalizie wapi. Alimaliza pale machozi yalipomkaba, na nje ya mlango sauti mbili zilimpokea kwa Amina, ya mtoto mbele, ya mkewe nyuma. Kinyozi aliisubiri ile ya pili. Alijua kwamba mkewe bado hajamsamehe, na kwamba anaitika hata hivyo.

Jioni moja alimaliza, wa nje wakaitika, na Bibi akagusa mkono wake. Alitaka kusema kitu. Kinyozi aliinama.

"Hujamtaja yule."

"Nani?"

"Uliyemnyoa."

Kinyozi aliinua kichwa. Alimwambia mama yake kwamba hawezi. Mtu yule alijua anaumwa, akamwita, akamdanganya kwa ajili ya ndevu.

"Na wewe ulidanganya," alisema Bibi. "Mimi nimekuwa na wewe humu. Yeye yuko na nani?"

Alikohoa kwa muda mrefu. Kinyozi alimshika mpaka kikohozi kikapita, kisha akafumba macho akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, Mungu, na Mzee Nadhifu, popote alipo, mponye. Spika aliitika mara moja. Mkewe hakuitika. Wote watatu walimngoja, na mluzi wa kifua cha Bibi ukahesabu. Ndipo ikaja, imekauka, "Amina."

Bibi hakuridhika na mara moja. Alidai mtu yule atajwe kila sala, akawa anasikiliza kama anatajwa vizuri. Baada ya siku hizo hakuzungumza tena mengi. Alifariki mchana, jua limeingia chumbani, mwanawe akiwa anamwinua anywe maji. Watu wa nguo nyeupe walikuja wakamchukua. Watatu waliobaki nyumbani walisimama dirishani, na madirisha ya majirani yakajaa, na hakuna aliyekuja.

* * *

Mtaa ulifunguliwa kidogo kidogo. Kinyozi hakwenda kutazama kibanda. Jioni waliendelea kuomba, viti vitatu, na zamu zikarudi kuzunguka, ingawa mkewe kila zamu yake ilipofika aliomba kwa kifupi sana na kuinuka.

Siku moja, wakiwa wameshapanga viti, palibishwa hodi. Spika alichungulia akarudi akimnong'oneza baba yake, jambo ambalo si desturi yake. Mlangoni, chini ya zile ngazi, alisimama Mzee Nadhifu. Shati lilikuwa kubwa kuliko yeye. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, ndefu, zimekwenda kila upande, na alisimama mbali, kofia mkononi, kama mtu aliyejiandaa kufukuzwa.

Alisema amepata habari za Bibi. Alisema alijua kuwa anaumwa siku ile. Aliogopa kufa akiwa mchafu na watu wakamkuta hivyo, hakumfikiria mwingine yeyote. Hakuja kuomba msamaha, maana hauombeki, amekuja ili wamwambie usoni chochote walicho nacho. Huko hospitali waliolala kulia na kushoto kwake walikufa wote wawili, na daktari mwenyewe alisema hajui yeye amebaki kwa nini.

Mkewe kinyozi akampita mumewe mlangoni, akasimama ngazi ya juu.

"Mimi ninajua kwa nini," alisema.

Mzee alimtazama.

"Mama alikuwa anakuombea. Kila siku, asubuhi na jioni, alitulazimisha sote. Mimi nilikuwa naitika huku moyoni nasema usipone." Akaikaza kanga yake kiunoni. "Tulimwomba Mungu awape uzima nyie wawili. Amekupa wewe."

Mzee Nadhifu aliufunika uso wake kwa kofia. Mabega yalimcheza. Kinyozi alitaka kuteremka, lakini mkewe alikuwa ameshageuka kuingia ndani, na akabaki amesimama pale, akidhani mlango utafungwa.

Mkewe alirudi na kiti cha nne. Alikishusha ngazi zote tatu, akakiweka kwenye udongo mbele ya mzee, akakifuta vumbi kwa kanga.

"Kaa," alisema. "Leo ni zamu yangu."